Mbwa Mwoga Ulingoni: Umpange kwa Mkono au Umwache Asimame Mwenyewe?

Maonyesho ya mbwa hayahusu mbio wala vituko. Mwamuzi ana maelezo ya uzao kichwani: pua iwe na urefu gani, mgongo ulale vipi, mkia ukae wapi, mwendo uweje. Kazi yake ni kumpima kila mbwa kwa maelezo hayo. Ili apimike, mbwa sharti asimame tuli, miguu minne iko mahali pake, kichwa juu, huku mtu asiyemjua akimfunua midomo aone meno, akimpapasa kuanzia mabega hadi mapaja, na kama ni dume, akihakikisha mapumbu yote mawili yameshuka. Kisha anakimbizwa kidogo, mara nyingi kwa pembetatu na halafu kwenda na kurudi, mwendo wake uonekane.

Mbwa mwoga huharibikiwa pale kwenye kusimama. Anakunja mgongo, anaingiza mkia katikati ya miguu, analaza masikio, uzito wote anaurudisha nyuma tayari kutoroka. Huenda ana mabega mazuri kuliko wote waliopo, lakini mwamuzi hawezi kuyapa alama mabega yaliyojikunyata.

Kwetu Malindi tatizo hili lina mizizi yake. Mbwa wengi hapa ni wa ulinzi: mchana kafungwa au yuko bandani, usiku anafunguliwa azunguke ua. Majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Mtu aliyetia udhu akielekea msikitini hawezi kusimama ampapase mbwa wako, wala huna haki ya kumlaumu. Watoto nao wakimwona mbwa, mmoja anakimbia, wa pili anaokota jiwe. Basi mbwa anafikisha miezi minne akiwa ameguswa na mwenyewe, na mfanyakazi wa nyumbani, na daktari wa mifugo, na huyo daktari alikuja na sindano. Wakati wenyewe wa mtoto wa mbwa kuzoea watu na mambo mapya ni baina ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Ukishapita, kuzoea kunawezekana, ila kwa jasho.

Halafu mbwa huyo huyo tunampeleka Nairobi kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club, chama cha wafuga mbwa, akashikwe taya na mgeni mwenye kofia pana. Ndipo linapokuja swali ambalo kila anayeanza huuliza: nimfundishe kusimama kwa kumpanga miguu kwa mkono wangu, au nimfundishe asimame mwenyewe kwa chambo? Zote mbili ni njia halali, na utaziona zote ulingoni siku moja. Kwa mbwa mwoga hazilingani hata kidogo.

Kumpanga kwa mkono

Hapa wewe ndiye fundi. Unapiga goti au unainama ubavuni mwake, mkono mmoja umeshika kamba juu, karibu na masikio, au umeegemeza kidevu. Mkono wa pili unapanga miguu mmoja mmoja. Mguu wa mbele unashikwa kwenye kiwiko, si kwenye kiganja: ukimshika kiganja atauvuta mguu, na kila mbwa hufanya hivyo. Unauinua kidogo, unaushusha wima chini ya bega. Mguu wa nyuma unashikwa juu ya kifundo, unausogeza mpaka kile kipande cha kutoka kifundo hadi ardhini kisimame wima. Mwisho unarekebisha mkia na kichwa.

Faida yake ni usahihi. Ukijua umbo la mbwa wako unaweza kumweka hasa pale anapopendeza, na dosari ndogo ikapita bila kugundulika upesi. Mshika kamba, yaani anayemwongoza mbwa ulingoni, anaielewa njia hii baada ya mazoezi machache. Kwa mbwa wadogo wanaokaguliwa juu ya meza, karibu wote hupangwa kwa mkono. Na kuna mbwa, hasa wale waliokulia miguuni pa mtu, ambao mkono wa mwenyewe unawatuliza. Mbwa wa namna hiyo akihisi vidole vyako chini ya kidevu, anashusha pumzi.

Lakini mbwa mwoga wa kawaida anasikia jambo jingine. Anasikia ameshikwa. Kamba imekaza shingoni, mkono umemzuia mbele, mwingine umemkamata mguu, na sasa mtu asiyemjua anakuja kwa hatua ndefu. Njia yake ya kwanza ya kujiokoa, kuondoka, umeifunga wewe mwenyewe. Zaidi ya hapo, mbwa akisukumwa husukuma upande wa pili. Ukimbana nyonga ili asirudi nyuma, ndiyo anarudi nyuma. Nimeona watu wakishindana nguvu na mbwa wa kilo thelathini kwenye nyasi, mtu anavuja jasho, mbwa ametumbua macho, na kila mguu ukipangwa mmoja, ule wa kwanza umekwisha hama.

Na kuna suala la muda mrefu. Mkono ukija kila mara pamoja na hofu, mkono wenyewe unakuwa habari mbaya. Siku moja unanyoosha mkono kumtoa kupe sikioni na anajikunja.

Kumsimamisha kwa chambo

Hapa unasimama mbele yake, umetazamana naye, kamba imelegea, kipande cha ini kiko mkononi. Humgusi. Unangoja. Akisimama kwa miguu minne, hata kwa nukta mbili tu, anapata ini. Akikaa, hapati kitu, nawe unapiga hatua nyuma, anasimama kukufuata, anapata. Baadaye unaanza kuisogeza miguu kwa mwili wako: nusu hatua kumwelekea, naye anarudisha mguu wa nyuma, ukiegemea kushoto kidogo, uzito wake unahama na mguu wa mbele unajipanga. Mtu akitazama kwa mbali anadhani unacheza chakacha na mbwa.

Ini lichemshwe, likatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, likaushwe kidogo jikoni au juani lisichafue mfuko. Mapupu yaliyokaushwa yanafaa na ni ya bei rahisi zaidi buchani. Papa mkavu wanampenda, ila chumvi ni nyingi na mtanuka nyote wawili hadi Mtwapa. Washika kamba wengi wa ughaibuni huweka chambo mdomoni mwao kisha wakamtemea mbwa, ili mikono ibaki huru. Kwa sisi wengine hilo halipo, na si lazima, mfuko wa kiunoni unatosha.

Faida kubwa ya njia hii kwa mbwa mwoga ni kwamba kusimama ni uamuzi wake. Kamba imelegea, mlango wa kuondoka uko wazi, na anagundua kwamba kubaki kuna faida. Mkia unapanda wenyewe kwa sababu amefurahi, si kwa sababu umeushikilia, na mwamuzi mzoefu anaujua mkia ulioshikiliwa.

Ubaya wake ni muda. Mkono unakupa mkao wiki hii. Chambo kitakula miezi. Miguu nayo haitakuwa sahihi kila mara, hasa ardhi ikiwa na mabonde. Kisha kuna hatari ambayo watu hawaisemi: mbwa mwoga aliyezama kwenye ini hamwoni mwamuzi akija. Macho yako kwenye vidole vyako, pua inacheza, na ghafla mkono wa mtu unatua kiunoni. Anaruka. Umemfundisha kusimama, hujamfundisha kuguswa, na umetumia chakula kumficha kile ambacho angehitaji kukiona kikija.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa mbwa mwoga mimi naegemea chambo bila kusita kwenye kusimama, lakini kuguswa ni somo jingine, lifundishwe mbali na la kwanza, na yaunganishwe mwishoni. Mkono ubaki wa kumalizia: mbwa amekwisha simama, mguu mmoja umekaa vibaya, unaurekebisha huo mmoja na kuondoka.

Nitageuza shauri katika hali tatu. Kama mbwa ni wa mezani, anza kumzoesha mkono mapema, kwa sababu meza haina nafasi ya kucheza chakacha. Kama maonyesho yako chini ya mwezi mmoja na mbwa anatulia ukimshika, tumia mkono uliopo, chambo kisubiri msimu mwingine. Na kama ni mbwa ambaye nje ya geti hali kabisa, hata umpe nyama ya sikukuu, basi chambo hakina kazi kwa sasa. Anza na matembezi mafupi hadi aanze kula barabarani.

German Shepherd wana mkao wao: mguu mmoja wa nyuma uko chini ya tumbo, wa pili umenyooshwa nyuma, na kwa desturi ya Kijerumani mshika kamba anakaa pembeni huku mwenye mbwa akimwita kutoka nje ya uzio ili anyooshe shingo mbele. Uzao huu umezoea kusimama huru, kwa hiyo mwenye German Shepherd mwoga ana bahati kidogo, njia inayomfaa ndiyo inayotumika. Lakini maonyesho mengi hukataza huko kuita kutoka nje, kwa hiyo usimfundishe kutegemea sauti ya mtu aliye nje.

Kuna wanaoshauri njia ya tatu, kumtosa: mpeleke sokoni siku ya shughuli, mfunge hapo, azoee kwa lazima. Utamwona amesimama kweli. Mtazame vizuri. Hapepesi, hali ini, mkia umeganda tumboni. Huyo hajatulia, amekata tamaa, na akirudi nyumbani hofu inakuwa imeongezeka. Njia hii sina la kuilinganisha.

Somo la kuguswa

Pavlov, yule Mrusi aliyepata Nobel mwaka 1904, alituachia kanuni ambayo wafugaji wengi wanaigeuza kichwa chini: kengele kwanza, chakula baadaye. Kwa hiyo mkono kwanza, ini baadaye. Ukimpa ini kwanza halafu ukamgusa, baada ya muda ini lenyewe linamwambia kwamba kuna mkono unakuja, na anaanza kulitilia shaka. Gusa bega kwa nukta moja. Ondoa mkono. Ini. Rudia. Bega likishakuwa jambo la kawaida, nenda mgongoni, halafu mapajani, na mdomo uwe wa mwisho. Mwamuzi huanza na kichwa, kwa hiyo ukifika mwisho wa somo ugeuze mpangilio uanze na kichwa, lakini si mwanzoni.

Angalia anavyokujibu. Akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso, au weupe wa jicho ukionekana pembeni, umekwenda mbali. Rudi hatua moja. Akikataa ini ambalo jana aliliiba jikoni, hujarudi vya kutosha, mtoe hapo kabisa. Akinguruma usimkemee. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyekemewa kwa kunguruma hujifunza kuacha onyo na kubaki na meno.

Sasa, mwamuzi wa mazoezi utampata wapi Malindi? Hapa ndipo watu wa Nairobi wanapotushinda, wao wana jirani kila upande anayetaka kumpapasa mbwa. Anza na askari wa usiku wa jirani, maana yeye na mbwa wanajuana kwa sauti tu. Mwombe daktari wa mifugo, siku anayopita kwa ng'ombe wa mtu, aingie bila sindano, amguse bega, ampe ini, aende zake. Ufukweni upande wa Silversands asubuhi hupatikana wageni, Waitaliano wengi, wanaotembeza mbwa wao na hawakatai kusaidia. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla hujamwomba mtu yeyote anyooshe mkono. Hilo si la kujadiliwa.

Na wale wasiogusa mbwa msiwaache nje ya mpango. Ulingoni mwamuzi husimama mbali muda mrefu akitazama kabla ya kusogea, na kwa mbwa mwoga kule kukodolewa macho ni nusu ya taabu yote. Mzee wa kanzu na kofia akikubali kusimama hatua kumi na kutazama tu, amekupa somo kubwa.

"Shikamoo mzee. Nakuomba usimame hapo tu, umwangalie."

"Marahaba. Haumi huyu?"

"Haumi, na namshika. Usimguse wala usimwite."

"Kumgusa sitamgusa, mwanangu. Kumwangalia si dhambi."

Mpe mzee nafasi yake na shukrani zake, kamba iwe fupi, na upande wa upepo uwe wake ili mate na manyoya yasimfikie.

Uani, ufukweni au mjini

Uani ndipo pa kuanzia, na mbwa akisimama vizuri uani usidhani umemaliza. Ufukwe ni mzuri kwa mwendo: maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, unapata mchanga mgumu na mpana wa kukimbiza mbwa kwa mstari ulionyooka. Kwa kusimama si mzuri sana, kwa sababu kuna vijana wa mpira na mbwa koko wasio na mwenyewe. Nenda alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Mchana mchanga unachoma nyayo, na mbwa anayehema kwa joto hawezi kujifunza kutulia.

Ulingo wa Nairobi mara nyingi ni nyasi. Mbwa aliyekulia kwenye mchanga na matumbawe akikanyaga nyasi zenye umande huinua miguu moja moja kwa mashaka, na mkao wote unavurugika. Tafuta uwanja wenye nyasi, hata kama ni kipande kidogo mbele ya nyumba ya mtu. Kitu kingine kinachowatisha ni turubai. Mahema ya maonyesho hupigapiga upepo ukiongezeka. Hapa kusi linatusaidia bure: tundika turubai kuukuu kwenye kamba ya nguo, msimamishe mbwa mbali, kila siku usogee kidogo. Tuktuk na bodaboda mbwa wetu wanazijua tangu kuzaliwa, hapo tuko mbele.

Umshike mwenyewe au ukodi mtu?

Washika kamba wa kulipwa wapo, na kwa mbwa jasiri wanaongeza thamani. Kwa mbwa mwoga mambo yanagawanyika. Hofu yako inashuka kwenye kamba: mkono ukikaza, mbwa anajua kuna jambo. Mtu mtulivu asiye na uchungu na utepe wa ushindi anaweza kumfanya mbwa asimame vizuri kuliko anavyosimama kwako. Lakini mtu huyo naye ni mgeni, na mbwa mwoga hapewi wageni wawili siku moja. Kama huwezi kumpeleka akae naye mapema, wazoeane, wale pamoja, watembee, basi mshike mwenyewe. Ukitetemeka, fanya mazoezi ya kutembea ulingoni bila mbwa. Watu watacheka, acha wacheke.

Safari nayo ihesabiwe. Malindi hadi Nairobi kupitia Mombasa ni kilomita zinazokaribia 600, na unatoka kwenye joto la pwani kuingia mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Fika siku moja kabla au zaidi, alale, anuse uwanja ukiwa mtupu. Mbwa anayeshuka garini na kuingia ulingoni moja kwa moja anaingia na uchovu wa njia nzima juu ya hofu yake, na vitisho vidogo vikirundikana humshinda hata mbwa wa kawaida.

Kuna pia mbwa ambaye uoga wake uko kwenye damu: mama mwoga, ndugu zake waoga, naye tangu akiwa mdogo anajificha nyuma ya pipa. Huyo anaweza kuboreka akawa na maisha mazuri nyumbani, lakini maelezo ya nyuzao nyingi huhesabu uoga kuwa kasoro, na kumzalisha ili upate wengine kama yeye si haki kwa watoto wake.

Kwa wengine wote, daraja la kuanzia ni la watoto wa mbwa, ambalo kwa utaratibu wa Kiingereza hupokea kuanzia miezi 6. Waamuzi huwavumilia watoto, wanainama taratibu, wengine huwapa mkono wanuse kwanza. Ukiwa mlangoni pa ulingo jaribu ini moja. Akilichukua, ingieni. Akiligeuzia uso, mwambie msimamizi wa ulingo unajiondoa, zunguka naye nje ya uzio mpaka ale, kisha mrudi mkakae mahali anapoweza kuwatazama wenzake wakiguswa.